Ombi la Kutibiwa Mgonjwa Mmoja Tu

Kabiria, Nairobi
14 Juni 2007

Kwa Daktari Nanjala,
Mwanasaikolojia, Spring Valley.

Daktari mpendwa,

Natumaini hujambo. Mimi ni Cate wa Kidato cha Pili, mdogo wake Wamucii, ambaye unamtibu kila Alhamisi kwa sababu chakula kilianza kumwogopesha. Tunakushukuru. Hata hivyo nina malalamiko, kwa maana tulikuletea mgonjwa mmoja na sasa tunatibiwa wote.

1. Ulikataza mtu yeyote nyumbani kutaja mwili wa mwenzake. Shangazi Waringa, msusi wa Kenyatta Market, hana salamu nyingine ila "Umenona" au "Mbona umekonda hivi, kwani hawakulishi?" Jumapili alisimama mlangoni, akafungua mdomo, Mama akamkazia macho. Mwishowe akasema, "Mapazia yenu ni safi." Alisifu mapazia mpaka chai ikaisha.

2. Sokoni ni vibaya zaidi, maana Shangazi ameizoea sheria yako. Mteja asipoambiwa amenona hudhani amenuniwa. Mmoja alimwuliza, "Mama, nimekukosea wapi?" akahamia kibanda cha jirani.

3. Uliagiza tule pamoja, televisheni imezimwa, tukizungumza mambo yasiyo ya chakula. Baba, mtu wa taarifa ya habari, sasa hutusimulia kuhusu mashine ya fotokopi ya ofisini kwao. Wamucii hula polepole sana, kwa hivyo tumeijua mashine hiyo vizuri.

4. Ulisema tusimtazame anapokula, basi sisi hutazama dari. Mchungaji Zedekiah alipotutembelea alidhani bado tunaomba. Alifumba macho mpaka ugali ukapoa.

5. Mama alipomweleza sababu, Mchungaji aliitangaza sheria yako kanisani. Jumamosi bibi harusi hakuambiwa na yeyote kwamba amenawiri. Alilia, akauliza kama ndoa imekataliwa.

Kwa hivyo naomba kwa heshima umponye Wamucii kabla ya likizo ya Agosti, kwa sababu shangazi wengine watano wanakuja na hatuna mapazia ya kuwatosha.

Wasalimie wote wa kliniki, na mlinzi wa lango.

Wako mtiifu,
Cate Muigai

N.B. Wamucii ameisoma barua hii nilipokuwa nikitafuta stempu. Amecheka mpaka akakaa sakafuni. Mama alikuja mbio kutoka jikoni, akasimama tu kumsikiliza, kwa maana hajacheka hivyo tangu mwaka jana. Tafadhali usimharakishe. Alhamisi ijayo tutakuja sote, na Baba ameomba ruhusa kazini.