Nilivyotafutiwa Asili ya Ashiki

Jumatatu, 3 Machi
Mpango umeiva! Mkutubi wa maktaba ya mtaa wetu hawezi kumnyima mtu jibu. Ndiyo kazi yake. Basi nimefunga mapema kibanda changu cha kutengeneza saa, nikanyoa ndevu, nikaenda kumwomba anitafutie maana na asili ya neno ashiki. Nikalitamka polepole, namtazama machoni. Maana aliijua papo hapo: mapenzi mazito, ya mtu kumpenda mwenzake karibu na kumwabudu. Asili, akasema, itabidi aitafute, nirudi. Aliniambia nirudi! Kwa mdomo wake!

Jumanne, 4 Machi
Nimerudi mara tatu. Asubuhi, mchana, na dakika tano kabla hawajafunga. Bado anatafuta. Ameniita kaka yangu. Kaka tena? Dada yangu, ambaye ndiye kanipa chumba cha kuishi, amecheka mpaka kakaa chini. Anasema nimwache binti wa watu afanye kazi yake. Hajui mapenzi, huyo.

Jumatano, 5 Machi
Balaa! Fundi umeme kapanda ngazi juu ya meza ya mkutubi, anatengeneza taa iliyokuwa ikizimika-zimika. Robo saa tu. Kamaliza, kaaga, kaenda zake. Hakuuliza hata neno moja! Nikatulia. Huyo si mpinzani, hana mbinu. Mimi nikabaki kiti cha mbele hadi jioni, nikijifanya nasoma kitabu cha ufugaji wa nyuki. Kurasa sitini. Wateja wangu wawili walifuata saa zao, wakakuta kufuli.

Ijumaa, 7 Machi
Asili imepatikana. Aliniandikia kwenye karatasi, mwandiko safi. Neno lina asili ya Kiarabu, na baadhi ya wataalamu wa zamani wa lugha hiyo walilihusisha na mmea unaotambaa. Mmea huo hujizungusha kwenye mti na kuukumbatia bila kuuachia, mpaka mti ukauke. Nikamwambia, lo, hayo ndiyo mapenzi! Akaniuliza kama nimeisikia sehemu ya mti. Kisha akafungua daftari la wageni. Jina langu, mara kumi na nne, nane za jana peke yake! Akasema, kwa upole kabisa, kwamba yeye anakauka.

Natamani ardhi ingepasuka inimeze. Kadi yangu ya maktaba akaifungia kwenye droo. Na fundi umeme? Kumbe mkutubi mwenyewe ndiye aliyemwomba namba ya simu! Mtu wa robo saa! Jamani!

Jumamosi, 8 Machi
Nampenda kweli yule binti, sifanyi mzaha. Nimelia mbele ya dada, nikamwonyesha karatasi. Hakucheka safari hii. Amenimiminia chai, akasema heri nimeumia nikaelewa.

Nimeelewa sana! Nimeisoma karatasi mara ishirini. Mti ulikauka, sawa. Lakini mmea je? Uliachia? Wapi! Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mmea uliachia.

Jumatatu naingia kwa kadi ya dada. Nimeshachagua neno la pili la kutafutiwa asili: subira.