Mkate na Sabuni Lori Moja

Jumatatu, 3 Juni
Bosi kaitisha kikao. Duka letu kubwa lipunguze safari za malori, moshi umezidi na wateja wanalalamika. Atakayeleta mpango bora kufikia Ijumaa ndiye Mkuu wa Ugavi. Miaka kumi na mmoja mimi ni naibu. Naibu! Cheo hicho ni changu. Mpinzani ni mmoja tu, Mama Stoo, mtunza ghala. Hata kikaoni alikuwa anakunja maboksi matupu. Nikamtania ajizoeze kuniita mkuu. Akasema haya baba, Mungu akujalie.

Jumanne, 4 Juni
Nimepata. Lori la mkate huja nusu tupu. Lori la sabuni ya unga nalo nusu tupu, njia ileile. Nusu na nusu ni zima. Mke wangu aliacha kumenya viazi, akauliza kama mkate na sabuni vinapatana kweli. Nikamwambia mambo ya ugavi ni mazito. Akanisukumia kisu na viazi vilivyobaki.

Jumatano, 5 Juni
Dereva hataki. Eti hajawahi kupakia chakula na sabuni. Nikamhutubia kuhusu hewa safi na wajukuu zetu. Akataka niandike kwa mkono wangu kwamba nimeagiza mimi. Nimeandika, nimesaini, nimegonga na muhuri. Mama Stoo akapita, akasema lori lile likifungwa halipitishi hewa. Wivu huo.

Alhamisi, 6 Juni
Lori moja badala ya mawili. Saa mbili mkate uko rafuni. Saa nne kuna foleni ya malalamiko. Mzee mmoja kala vipande viwili, kila akicheua ananuka sabuni ya kufulia. Bosi akaonja mbele yangu. Alitafuna muda mrefu. Nikasema angalau moshi umepungua. Heri ningenyamaza. Barua yangu yenye muhuri ilikuwa mezani kwake.

Ijumaa, 7 Juni
Mkuu ni Mama Stoo. Mpango wake ni kreti za plastiki badala ya maboksi. Zinapangwa juu kwa juu bila kuponda mboga, hivyo lori moja hubeba mzigo wa mawili, kisha linarudi shambani na kreti tupu. Basi. Kumbe amezijaribu kimyakimya mwaka mzima. Roho imeniuma. Mke wangu akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamjibu kwamba Jumatano Mama Stoo hakuwa mkuu. Kazi yangu mpya ni kuosha kreti. Mama Stoo kaniletea glavu mwenyewe, akasema pole baba. Zimenienea vizuri, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Jumamosi, 8 Juni
Nikiwa naosha nimeliona kosa. Mpango ulikuwa sawa, mkate ndio ulioniponza. Chakula ni chepesi kushika harufu. Sasa, lori la samaki hurudi tupu kila siku na linapita mlangoni mwa kiwanda cha mito ya kulalia. Mito hailiwi. Nimemweleza dereva. Safari hii hakubisha hata kidogo, alikwenda kuniletea karatasi na muhuri.