Matairi ya Kumpendeza Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Mama mkwe anatimiza miaka sabini Jumapili. Chakula cha mchana hotelini, ukoo mzima. Ametangaza kwamba teksi hataki. Anataka kupelekwa kwa gari la spoti.

Katika ukoo huu yapo mawili. Langu, jekundu, na la shemeji, kaka wa mke wangu, rangi ya fedha. Yametoka kwa fundi mmoja na yanafanana kama mapacha: boneti ndefu, taa za mviringo, viti viwili basi. Mapya, lakini ukiyaona utadhani ya enzi za babu. Langu ni zuri zaidi. Hilo halina ubishi.

Ila Mama ametoa sharti. Atapanda lile litakalomkumbusha gari la marehemu baba mkwe. Mke wangu akaniuliza kama nakumbuka lile gari lilikuwa na nini. Nikasema lilikuwa na heshima. Akasema lilikuwa na matairi yenye mkanda mweupe ubavuni.

Basi matairi meupe nitanunua. Tangu nioe, Mama akizungumza na wageni mimi ni "yule fundi mapazia aliyemchukua binti yetu". Hata siku moja hajaniita mwanangu. Jumapili ataniita, akiwa kwenye kiti cha kando yangu, upepo ukimpiga usoni.

Mke wangu mwenyewe hajawahi kukikalia kiti hicho. Gari langu analiita mke mwenza. Anasema hana mpango wa kukaa karibu na lami kiasi kile.

Jumanne, 4 Machi

Kumbe mikanda ina upana. Muuza matairi ameniuliza nataka mwembamba au mpana. Kwa maoni yake gari dogo la spoti hupendeza kwa mwembamba, mpana ni wa watu wanaotaka sura ya zamani hasa. Nikamwambia nitalala nalo hilo, nikarudi kazini kwangu kulichunguza kitaalamu.

Nimechukua utepe mweupe wa mapazia. Nimebandika mwembamba kwenye matairi ya kulia, mpana ya kushoto. Nikarudi nyuma hatua kadhaa, nikafumba jicho moja kama nifanyavyo na mapazia ya sebuleni. Jirani akapita, akauliza gari limevunjika miguu lini. Watu wasio na macho ya urembo nawahurumia.

Jioni mke wangu akaleta picha ya zamani ya lile gari. Boneti inaonekana, mlango unaonekana. Mbele ya tairi amekaa shemeji, wa miaka minne, na kichwa chake kikubwa kimeliziba lote. Tangu utotoni ananikalia njiani.

Nikaona isiwe taabu, nikampigia Mama. Shikamoo ya kwanza, shikamoo ya pili, habari za magoti. Halafu nikauliza kwa adabu zote. Akasema marehemu alikuwa akiyasugua kila Jumamosi kwa mswaki, na mswaki wenyewe ulikuwa wake Mama. Weupe ulikuwa wa upana wa kiganja chake, anakumbuka kwa sababu alikuwa akiushika kuona kama umetakata. Sauti yake ilibadilika. Yangu pia.

Mpana, basi. Na nimepata fununu kwamba shemeji ameshafunga yake. Membamba! Upana wa kidole! Nimecheka hadi nikapaliwa.

Jumatano, 5 Machi

Nimenunua. Manne, mapana, yamefungwa kwa karatasi na nailoni kama maharusi. Nimekataa yafunguliwe dukani, shemeji ana wapambe kila kona.

Wakati tunapakia, muuza matairi akaanza kunieleza jambo kuhusu sabuni na maji ya uvuguvugu. Nikamkatiza. Nilimwambia kwa upole kwamba nimeanza kuosha magari yeye akiwa bado ananyonya. Akasema sawa, mzee. Mtu akikuonyesha unyenyekevu namna hiyo, ujue umemweza.

Alhamisi, 6 Machi

Ni ya bluu.

Nimefungua tairi la kwanza, mkanda wa bluu. La pili, bluu. Nikaketi chini. La tatu na la nne nimeyafungua nikiwa nimeketi. Bluu, bluu. Bluu ya kopo la rangi ya choo cha shule.

Nimepigwa changa la macho, mimi, mtu ninayetofautisha aina sita za rangi ya krimu kwenye giza. Nimekimbilia dukani. Pamefungwa. Kinyozi wa jirani anasema muuza matairi amesafiri hadi Jumatatu. Simu yake haipatikani.

Mke wangu ameuliza kwa nini sili. Nimemwambia nimeshiba. Nimelala mapema, nikiwa nimegeukia ukutani. Ila ukuta ule ule ndio ulionipa wazo, na wazo ni tamu mno.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemweza!

Asubuhi nilikwenda kwa shemeji na matairi yangu. Nikamkuta anapangusa vioo. Nikamwambia, shemeji, ujue gari lako la fedha linadai bluu. Nikasema bluu ndiyo inayotamba sasa, na kwamba mimi, kwa mapenzi ya ukoo, niko tayari kujinyima. Anipe yake membamba, nami nimwachie haya.

Alilichungulia tairi moja kwa muda. Akaukwaruza mkanda kwa ukucha. Akautazama ukucha. Kisha akashikwa na kikohozi kikali, akanipa mgongo, mabega yakimruka. Vumbi la gereji, nadhani. Alipopona alisema moyo wangu ni wa pekee, akauliza kama nina hakika asilimia mia. Nikasema mia na kumi. Basi alivyoikimbilia jeki! Hata kufungua yangu ya zamani alinisaidia. Kufikia adhuhuri nilikuwa na weupe, mwembamba lakini mweupe, naye ana bluu yake ya choo.

Namwonea huruma kidogo. Lakini kidogo tu.

Jumamosi, 8 Machi

Siku nzuri. Nimesugua matairi kwa mswaki, kama marehemu. (Mswaki ni wa mke wangu. Hajui.) Nimekata kitambaa cha mapazia kilichobaki, rangi ya divai, nikashona kimto cha kumwinua Mama kidogo atoke kwenye lami.

Alasiri nikapita kwa shemeji kwa bahati mbaya ya makusudi. Alikuwa uani na ndoo inayofuka mvuke, na povu hadi kwenye viwiko, anapiga mluzi. Maskini, anajikaza kisabuni. Nikampungia mkono. Naye akanipungia, mkono wote wa bluu.

Nilipomsimulia mke wangu mpango mzima, aliingia bafuni akafungulia bomba. Alikaa humo muda mrefu. Naamini alikuwa anamlilia kaka yake.

Jumapili, 9 Machi

Niandike nini.

Nilikuwa wa kwanza kufika kwa Mama. Nimepaki mlangoni, kimto tayari. Mama katoka amevaa gauni la kijani na kofia. Ameyaangalia matairi yangu, akasema ni masafi. Nikasogea kumfungulia mlango.

Ndipo shemeji akakata kona. Meupe! Meupe pee, mapana, yanazunguka taratibu, utadhani lile gari la kwenye picha limerudi barabarani. Nikabaki mdomo wazi. Bluu ilikuwa ni kitu cha kuulinda tu weupe usichafuke njiani kutoka kiwandani. Maji ya uvuguvugu na sabuni, inatoka yote. Ningejua, kama mtu angejisumbua kuniambia.

Mama alimpa mke wangu mkoba, akainama kwa shida, akaweka kiganja juu ya weupe. Kikaenea sawasawa. Akakaa vile vile ameinama, na sote tukaona machozi yanamtoka. Ndiyo haya, alisema. Ndiyo haya haya ya baba yenu.

Wivu ulikuwa umenishika. Halafu ukaniachia, nami nikajikuta napangusa macho kwa kimto cha rangi ya divai.

Akauliza nani ameyachagua. Nikatazama viatu vyangu. Shemeji, na hili sitamsahau, akasema, "Ni huyu, Mama. Mimi ningebaki na yale membamba."

Mama akanigeukia. Akanishika shavu kwa mkono ule wenye vumbi la tairi, akasema, "Asante, mwanangu." Mbele ya wote! Sikulifuta shavu lile hadi jioni.

Kisha akapanda gari la shemeji, wakaondoka.

Nikabaki mlangoni na kiti kitupu. Nyuma yangu mke wangu akasema, "Sogeza hicho kimto, tunachelewa." Akaingia. Akalalamikia lami, akalalamikia upepo, akashika mkono wangu kwenye gia hadi hotelini. Kurudi akataka tuzungukie njia ndefu.

Mezani niliwaeleza watu kwamba tangu mwanzo huo ndio uliokuwa mpango wangu. Shemeji alipata tena kile kikohozi.

Jumanne, 11 Machi

Bampa jipya la mbele, nililoagiza mwezi uliopita, limefika. Nilitaka la kung'aa kama kioo. Nimefungua boksi: kahawia tupu, linanata kama lami. Mwenye duka alianza kuniambia jambo kuhusu mafuta ya taa na kitambaa laini, lakini nilikuwa na haraka, na mimi nimeanza kushika vitambaa zamani.

Wamenitapeli tena. Ila safari hii sikuhuzunika hata kidogo, maana nilijua la kufanya. Nimempigia shemeji, nikamwambia gari lake la fedha linadai bampa la kahawia, anipe lake la zamani. Hakuuliza hata swali moja. Amesema yuko njiani, na spana anazo.

Maskini shemeji. Hajifunzi kabisa.