Mlinzi wa Ziwa Anaosha Vyombo

Wa kwanza kugundua alikuwa binti wa kuosha vichwa: wanawake waliokaa chini ya mashine za kukaushia nywele walikuwa hawalii tena. Msimu wa kwanza wa ile tamthilia ya Kikorea walilia mpaka shangazi yake, mwenye saluni, akagawa taulo za wateja kama leso. Sasa msimu wa pili umefika, nao wanaangalia kucha zao.

Binti aliendelea kuosha vichwa. Hakuwa msemaji tangu baba yake alipoondoka asirudi, na wateja wengine walidhani ni bubu.

Wa pili kugundua alikuwa Ulimi, muuza filamu wa kibanda cha ng'ambo ya barabara, ambaye pia huongea juu ya sauti za waigizaji wa kigeni ili watu waelewe. Tofauti ni kwamba binti aliona huzuni, Ulimi akaona biashara.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Mlinzi wa ziwa, mwenye umri wa miaka elfu na uso usio na chunusi hata moja, alimpenda msichana fundi saa. Mwisho wa msimu wa kwanza akageuka ukungu mikononi mwa mpenzi wake. Mtaa ulikaa kama umefiwa. Msimu wa pili akarudi, lakini mtu wa kawaida: nguvu zimekwisha, ameajiriwa ofisi ya bima, jioni anaosha vyombo na kubishana na mkewe, yule fundi saa, nani aliacha taa inawaka. Wanawake walilalamika kwamba wamenyang'anywa mpenzi wakarudishiwa mume, na waume walikuwa nao tayari nyumbani.

Ulimi aliingia saluni akitikisa kichwa kama daktari mwenye majibu mabaya. Alieleza kwamba tamthilia haina kosa, kosa ni la mfasiri wa televisheni. Yule anajua Kikorea cha juu tu. Kile cha ndani, wanachoongea wapendanao, hakijui. Yeye Ulimi alikijua, kwa sababu aliwahi kufagia nyumbani kwa mhandisi wa Kikorea aliyekuwa na mke mkali.

"Ile si bima," alimwambia shangazi kwa sauti ya chini. "Ile ni mahakama ya mizimu. Na vile vyombo, dada yangu, wewe ulidhani ni vyombo?"

Shangazi alikiri kwamba alidhani ni vyombo.

"Wengi walidhani," akasema Ulimi kwa huruma.

Wakakubaliana aonyeshe msimu wote upya, mchana, hapo hapo saluni, kwa kiingilio. Alihitaji sauti ya kike, akamchagua binti. Hesabu yake ilikuwa nzuri: asiyeongea hatoi siri. Shangazi alifurahi, akidhani mtoto anafundishwa lugha.

Basi wawili hao wakajibanza nyuma ya pazia la taulo na maiki zao. Sahani zikawa vioo vya ziwa, sabuni ikawa machozi ya mababu. Bosi wa bima, baba wa watu aliyekuwa akidai ripoti tu, akawa mfalme wa mashetani. Mashine ya kuchapa ilipokwama karatasi, Ulimi alinguruma kwa niaba yake. Maneno aliyatunga papo hapo huku akitafuna karanga, akimnong'oneza binti ya kwake. Binti alinong'onezwa, akasema. Kumkatalia mtu uso kwa uso kulimshinda, na mwanzoni, kusema kweli, alipenda kusikia sauti yake ikiliza watu.

Mshonaji wa jirani alilia hadi akapinda sketi ya mteja upande wa nje. Saluni ilijaa. Hapo ndipo Ulimi alipotamani kikubwa zaidi.

Katika sehemu ya mwisho kulikuwa na mahali ambapo fundi saa anaongea na mama yake kwa simu ya video. Anatazama mbele moja kwa moja, machozi yanamtoka. Ulimi aliamua kwamba pale fundi saa, kwa sauti ya binti, aombe mchango. Awaambie wanaompenda, popote walipo, wachangie msimu wa tatu ili mumewe arudishiwe nguvu, na mchango apewe mwenye beseni, yaani Ulimi mwenyewe. Uvumi wa mchango huo aliutanguliza mapema. Shangazi, ambaye hakutaka kuonekana mchoyo mbele ya fundi saa, alikwishampata mnunuzi wa zile mashine tatu za kukaushia nywele. Angekuja kuzibeba jioni ya siku ya sehemu hiyo ya mwisho. Bila mashine hakuna saluni, na bila saluni binti hakuwa na kazi wala pa kulala.

Siku ikafika. Ulimi alisimama mbele na beseni, amevaa tai. Nyuma ya pazia binti alibaki peke yake na maiki. Fundi saa akageuka, akawatazama wote. Midomo ikaanza kucheza.

"Shangazi," alisema fundi saa, "usiuze mashine."

Shangazi aliweka mkono kifuani.

"Yule ni bosi wa bima tu," fundi saa aliendelea huku akilia. "Na vile ni vyombo. Mfasiri wa televisheni hakukosea. Mwenye beseni hajui Kikorea cha ndani wala cha nje."

Ulimi hakuwahi kukosa neno maishani. Lakini kwenye kioo cha televisheni hakukuwa na mwanamume hata mmoja wa kumsemea. Alisubiri. Mlinzi wa ziwa alipotokea mlangoni, Ulimi alipaza sauti kutoka pale alipo: "Mpenzi, umelogwa, usiseme zaidi." Kwa bahati mbaya, mlinzi wa ziwa alikuwa anapiga mswaki.

Mshonaji alikuwa wa kwanza kucheka, na ndiye aliyefunga mlango. Pesa zilizokwisha kutiwa kwenye beseni zilirudi kwa wenyewe, mkono hadi mkono. Ulimi aliomba apewe nafasi ya kufafanua, akapewa nafasi ya dirisha. Spika na maiki zake zilibaki, na mnunuzi alipofika jioni, shangazi alimuuzia hizo badala ya mashine.

Wateja walipoondoka, shangazi alikaa kwenye kiti cha kuoshea. Hakugomba. Alisema tu kwamba ameaibika, tena kwa ajili ya msimu mbovu ambao hata kichaa asingeupenda.

Binti alikuwa anakunja taulo. Hakukuwa na pazia mbele yake, wala uso wa mtu mwingine.

"Mimi niliupenda," alisema. "Tangu siku ya kwanza. Yule mtu alirudi, shangazi. Hana nguvu, hana lolote, lakini alirudi. Baba naye angerudi hivyo hivyo, mimi ningemfungulia mlango."