Mshale Uliopita Jikoni

Jumatatu, 6 Mei
Mke wangu Obdulia katangaza kwenye supu ya mchana: asipolala kwetu hujaji hata mmoja kufikia Jumapili, chumba cha wageni kinageuka stoo ya vitunguu, nami narudi kwa kaka yake kulisha nguruwe. Miaka mia nane watu wanapita mji huu kwa miguu kwenda kuhiji Santiago. Wote wanalala kwa Casilda mwenye baa, mtaa wa nyuma. Nguruwe tena? Thubutu!

Jumanne, 7 Mei
Nimepata! Mahujaji hawasomi mabango. Wanafuata mishale ya njano iliyochorwa kutani, basi. Nimenunua kopo la rangi.

Jumatano, 8 Mei
Mshale mmoja kwenye kona ya kanisa, wa pili mlangoni kwangu. Saa nane wakaingia Wajerumani kumi na wanne. Nikavua kofia. Wakapita sebuleni, wakapita jikoni, wakamtakia safari njema Obdulia, aliyekuwa na kisu cha samaki mkononi, wakatokea mlango wa nyuma. Unatazamana na baa ya Casilda.

Alhamisi, 9 Mei
Wamepita sitini na mmoja. Casilda kanipazia sauti kutoka ng'ambo: eti Eutimio babu, Mungu akuzidishie, wananifikia hata jasho halijawatoka! Kaniletea kipande cha mayai na viazi. Kitamu, na hilo ndilo linaloniuma. Obdulia kauliza kama rangi imebaki ya kunichorea njia ya kwenda kwa nguruwe.

Ijumaa, 10 Mei
Nimetia komeo mlango wa nyuma. Wakorea tisa na Mfaransa mwenye baiskeli wakajaa jikoni wakisubiri mlango ufunguliwe. Obdulia akafungua. Aliyoniambia siyaandiki.

Jumamosi, 11 Mei
Mama wa Kiholanzi, Geesje, miaka sabini, kajikwaa kwenye kizingiti changu. Kifundo kikavimba kama boga. Obdulia akamloweka mguu kwenye maji ya chumvi na siki, akampa supu ya kitunguu saumu. Kalala kwetu! Anakaa siku nne. Kawapigia simu dada zake wawili walio nyuma: waje hapa hapa, kuna supu na kuna mikono ya huyu mama.

Jumapili, 12 Mei
Habari ya nguruwe imefutwa. Obdulia kacheka, wiki nzima hajacheka. Anataka tuandike mlangoni: supu na kuosha miguu. Mwache aamini supu ndiyo inayowalaza. Mimi nimepima ushahidi: wamepita wima zaidi ya themanini, hakulala mtu. Kajikwaa mmoja, kalala. Fundi anakuja kesho saa mbili asubuhi kuinua kizingiti vidole viwili.