Jibini Iliyoota Ukungu na Mimi Kurudishwa Kibosho

Kibosho,
Juni 1994

Kwa Mheshimiwa Bwana Wenseslaus,
Mtaalamu wa Lishe, Moshi Mjini.

Mheshimiwa Mwanangu,

Shikamoo yako nimeipokea, ingawa hukuituma. Huku tu wazima, ng'ombe naye mzima, na ninaandika kwa unyenyekevu wote anaostahili mtu aliyesomeshwa kwa kahawa ya kihamba hiki, shamba la ukoo wetu. Malalamiko yangu ni haya.

1. Nilikuja kwako kumlea mzazi, kama mama mkwe yeyote wa huku. Nilimletea mkeo Yuditha kibuyu cha mtindi, nimpondee ndizi humo ziwe kitawa, ale, maziwa yashuke, mtoto ashibe. Wewe ukakinusa kibuyu, ukasema mtindi una vijidudu, ukaumwaga chooni. Na wewe nilikulea kwa mtindi huohuo, na madhara yake nayaona.

2. Kesho yake nikafungua friji, nikakuta jibini tatu zimeota ukungu wa bluu. Nikasema maskini mwanangu, tangu soko liwe huria wenye maduka wanamuuzia vilivyooza! Nikachukua kisu, nikakwangua ukungu wote, nikaziosha kwa maji ya uvuguvugu, nikazianika. Makwangulio nikawapa kuku wa jirani. Mama gani angefanya zaidi ya hapo?

3. Nilitegemea asante. Ukashika kichwa, ukaniambia mbele ya mkwe wangu: "Mama, ulichotupa ndicho kinacholiwa." Kisha nikapewa somo. Hii ya Wafaransa ni ya maziwa ya kondoo na hulazwa pangoni. Gorgonzola ya Waitalia ni laini. Stiltoni ya Waingereza humeguka. Zote zina madini ya kujenga mifupa, zote zinafaa kwa afya, mradi mtu ale kidogo sana, maana chumvi ni nyingi. Ehe. Mtindi mtu anakunywa kibuyu kizima na kwenda kulima, na huo ndio mchafu.

4. Asubuhi ukanipandisha gari la Kibosho. Mtoto ana jina langu, na sikupata hata kumwogesha vizuri. Hili silisemi kwa mzaha, Mheshimiwa. Liliniuma, na bado linaniuma.

Kwa hiyo, kwa kufuata utaalamu wako, naomba yafuatayo. Ndizi zilizoozea chini ya migomba nizilete Moshi wapewe wagonjwa. Viatu vya baba yako Sirili, vilivyolowa masika yote, vimeota bluu safi kabisa; naomba vipimwe kama ni vya Kifaransa au vya Kiitalia. Na mimi mwenyewe, niliyezeeka hadi nakaribia kuota ukungu, naomba nihifadhiwe humo kwenye friji yako, karibu na mjukuu wangu.

Msalimie Yuditha, umwambie asinyanyue vitu vizito. Wasalimie majirani, na kuku wao pia, ambao bila shaka sasa wana mifupa imara.

Ni mimi niliyekuzaa,
Mektrida

Tanbihi: Kile kipande cha jibini ya Kiitalia ulichomtumia baba yako nilikificha nimpe nguruwe. Baba yako akakigundua, akakipondea kwenye kitawa, tena chenye mtindi, akaramba bakuli. Nikaonja kidogo ili nipate kukulaumu kwa haki. Kimekwisha. Leta kingine, kiwe na bluu nyingi. Uje nacho mwenyewe, na umlete Mektrida wangu. Kisu nimekificha.