Mvua ya Birika

Jumatatu, 2 Machi
Mkaguzi anakuja Ijumaa kuona ninavyofundisha darasa la nne kuchora grafu za hali ya hewa. Akiridhika, naibu mwalimu mkuu ni mimi. La sivyo ni Bwana Chaki wa darasa la tano, mtu anayepiga pasi hadi soksi. Tatizo: kipimo chetu cha mvua kikavu tangu Januari. Sifuri, sifuri, sifuri. Grafu gani hiyo? Uwanja mtupu!

Jumanne, 3 Machi
Nimewahi kabla ya watoto, nikamimina birika la ofisi ya walimu kwenye kipimo. Milimita ishirini na mbili! Watoto wamechora nguzo ya buluu. Nimeibandika getini, Bwana Chaki aione vizuri.

Jumatano, 4 Machi
Thelathini na moja. Mkono uliteleza. Msichana wa dawati la mbele, yule asiyeishiwa maswali, kauliza mbona shule ya ng'ambo ya barabara imeandika sifuri, na mbona mvua yetu ina majani ya chai. Mimi mwenyewe niliwafundisha kuhoji kila namba: nani kapima, wapi, mbona jirani kapata tofauti. Nimemjibu kuwa mvua huchagua. Kaandika jibu langu, kaweka alama ya kuuliza.

Alhamisi, 5 Machi
Mama mkwe ameiona grafu getini. Kwake halijadondoka tone, lakini anasema mkwe wake amesoma, hawezi kukosea. Amepanda mbegu zake zote za mahindi. Zote. Nilitaka kumwambia. Lakini mkaguzi ni kesho. Nikampa pole ya kazi. Najichukia.

Ijumaa, 6 Machi
Msichana wa mbele kamweleza mkaguzi kila kitu, kwa grafu mbili: yetu na ya shule ya ng'ambo. Mkaguzi kasema hajawahi kuona watoto wanaohoji takwimu hivyo, kauliza nani kawafundisha. Nikanyoosha mkono. Kanisifu kwa maandishi. Cheo kampa Bwana Chaki.

Jumatatu, 23 Machi
Mbegu zimeliwa na mchwa. Mama mkwe amehamia kwetu, na sasa tunakula mara moja kwa siku. Mke wangu kajua habari za birika, hanisemeshi, na kwa aibu hajamwambia mamake lolote. Leo mama mkwe kaniuliza taratibu: baba, mvua lini? Macho yake yalinishinda. Nikamwambia Alhamisi.

Ametoka kwenda kuazima mbegu kwa jirani.